Jozi ya Tatu

Jumatatu Rais alimfukuza kazi Mkuu wa Majeshi, na Mkuu wa Majeshi akakataa kufukuzika. Kufikia Jumatano jeshi lilikuwa limechanika katikati kama shuka kuukuu, kila upande ukivuta kwake, na kanali aliyeitwa Kufuli alikuwa amekaa ofisini mwake asubuhi, mikono juu ya meza, anaitazama simu ikilia.

Jina la Kufuli alipewa na askari wake. Kinywa chake kilikuwa hakifunguki ovyo. Mtu angeweza kukaa naye mezani mwaka mzima asijue kama anapenda chai yake na sukari au bila sukari. Isitoshe, alikuwa mmoja wa maofisa wawili wenye ufunguo wa ghala.

Ghala hilo lilichimbwa ndani ya kilima, nusu ya njia kati ya kambi mbili, Kambi ya Juu na Kambi ya Chini. Humo ndimo yalimolala makombora yote ya mizinga. Kambi zote mbili zilikuwa na mizinga, tena iliyopakwa mafuta ikang'aa, lakini mzinga bila kombora ni bomba tu, na mvua ikinyesha halipitishi hata maji. Mlango wa ghala ulikuwa wa chuma, unene wa shubiri, na vitasa viwili. Ufunguo wa kitasa cha kwanza ulikaa kwa kanali wa Kambi ya Juu. Wa cha pili kwa kanali wa Kambi ya Chini. Mmoja hawezi bila mwenzake. Anayetaka kuuvunja kwa moto au baruti ataruka na kilima chote. Anayetaka kuukereza kwa mkono ajiandae siku nne. Waliobuni utaratibu huo walikuwa wazee waliowahi kuona serikali ikipinduliwa kabla ya watu kunawa uso, wakasema haya yasirudi.

Walifikiria kila kitu. Hawakufikiria tu kwamba siku moja makanali hao wawili watakuwa mashemeji.

Kanali wa Kambi ya Chini aliitwa Tarumbeta. Alikuwa mdogo wake mkewe Kufuli, mtu wa sauti, wa vicheko na wa mashairi ya papo kwa papo. Siku ya harusi ya dada yake alisimama juu ya kiti, akamwelekezea bwana harusi kidole, akatunga:

Kufuli limefungika, halifunguki kwa shida;
Likitaka kufunguka, lipige goti kwa dada.

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Kufuli mwenyewe alicheka siku tatu baadaye, peke yake, akinyoa ndevu.

Simu iliacha kulia, ikaanza tena. Akaipokea.

"Kanali," ilisema sauti ya Brigedia, aliyebaki upande wa Rais. "Nataka makombora kesho alfajiri."

"Ufunguo wa pili sina, afande."

"Najua huna. Upo kwa shemeji yako. Mfuate."

"Na akikataa?"

"Mimi nakufundisha kazi? Wewe uliapa kwa nani?"

"Kwa Katiba, afande."

"Basi Katiba inakusubiri," akasema Brigedia, akakata.

Kufuli hakuwa mnafiki. Aliamini kiapo ni kiapo, na Jenerali aliyekataa amri ya Rais alikuwa mwasi hata kama ana hoja. Lakini alimjua pia shemeji yake. Zamani vitani, Tarumbeta alipigwa risasi ya paja, na mtu aliyembeba mgongoni usiku kucha hadi kwenye mahema ya madaktari alikuwa Jenerali huyo huyo, wakati huo akiwa meja tu. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba mgongo ule si Katiba?

Simu ililia mara ya tatu.

"Shemeji!" Tarumbeta hakusubiri salamu. "Wamekupigia?"

"Wamenipigia."

"Na mimi pia. Jenerali anasema nikulete umefungwa kama mbuzi wa sadaka. Nikamwambia, afande, yule haliwi, ni mifupa mitupu." Akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati. "Shemeji, Jumamosi viongozi wa dini wanawakalisha wakubwa meza moja. Siku tatu tu. Bila makombora watapigana kwa bunduki, watachoka, watakaa. Yakitoka makombora hakuna wa kukaa tena. Na unajua yatapita juu ya nini."

Kufuli alijua. Kati ya kambi zile mbili ulikuwapo mji.

"Ile dhambi yetu ya zamani," Tarumbeta akasema polepole. "Lazima tuiue leo. Funguo zote nne. Saa nne, kwa Mzee Tupa. Mimi nakuja na zangu."

"Nitakuja," akasema Kufuli.

Dhambi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka tisa. Siku moja ya mazoezi, Tarumbeta aliitwa ghalani kuzungusha ufunguo wake wakati mwanawe wa kwanza yuko wodini anahema kwa shida. Alikwenda, akazungusha, akarudi akamkuta mtoto amepona. Lakini alirudi na hasira. "Shemeji, kama wewe na mimi hatuaminiani, nani ataaminiana katika nchi hii?" Basi wakaenda kwa sajini fundi wa silaha, mzee wa vidole vya chuma waliyemwita Tupa, akawachongea nakala. Tangu siku hiyo kila mmoja alikuwa na funguo zote mbili. Mmoja akiuguliwa au akifiwa, mwenzake alifungua peke yake, na daftarini yakaandikwa majina mawili. Hakuna aliyejua. Walivunja sheria kwa sababu ya kuaminiana, na katika miaka tisa haikuharibika hata risasi moja.

Lakini Kufuli alikuwa na yake zaidi. Kesho yake alirudi peke yake kwa Mzee Tupa, akaagiza jozi nyingine.

"Ya nini tena, afande?" fundi aliuliza.

"Ya akiba."

Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo alivyoumbwa: mtu wa kufunga mlango, kwenda hatua kumi, akarudi kuusukuma aone. Jozi hiyo aliitia ndani ya kopo la vifungo vya mkewe, chini kabisa, nayo ikakaa humo miaka tisa.

Kabla ya saa nne alipitia nyumbani. Mkewe alikuwa anashona pindo la pazia, redio mbele yake ikipiga nyimbo za gwaride tangu alfajiri bila hata habari moja.

"Umeongea na mdogo wangu?"

"Nakwenda kuonana naye sasa."

"Msigombane."

"Hatugombani. Tunakwenda kumaliza jambo."

Mkewe alimtazama kwa mshangao; kwa Kufuli, hiyo ilikuwa hotuba. Akainuka kwenda jikoni kuzima jiko. Kufuli akabaki na kopo. Aliliinua, akalitikisa kidogo. Vifungo vililia juu, na chini yake kitu kizito kikajibu. Mkono ulikuwa tayari kwenye kifuniko. Akajiuliza: je, kama shemeji naye ana yake ya akiba? Mtu mwenye maneno mengi ana pembe nyingi za kufichia. Nikiua zote nami nikabaki mikono mitupu, yeye akabaki nazo, nitakuwa nimemkabidhi mwasi mji mzima. Ngoja kwanza nimwone macho. Nikimwona amenyooka, nitarudi nizimalize mwenyewe, hakuna atakayejua.

Akalirudisha kopo mahali pake.

Karakana ya Mzee Tupa ilikuwa mjini, nyuma ya kituo cha mafuta kilichokwisha mafuta. Mzee alikwisha staafu, sasa alichonga visu vya mashine za kusaga na kurekebisha cherehani. Tarumbeta alikuwa amefika, amevaa shati la kiraia lililomkaza tumbo.

"Nimevuka vizuizi vinne kwa shati hili," alisema. "Cha mwisho askari akaniuliza, wewe raia gani unatembea kama unakagua gwaride?"

Hakuna aliyecheka sana. Waliweka funguo juu ya benchi, mbili mbili. Mzee Tupa alizitambua kama mkunga anavyowatambua watoto aliowazalisha. Akabana wa kwanza kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma. Kazi ilichukua muda. Chuma kile kilikuwa kizuri na fundi alikuwa mzee. Ufunguo wa nne ulipokatika, Tarumbeta alikuwa analia, bila sauti, mtu wa sauti yule, akifuta pua kwa mkono wa shati.

"Nimemsaliti mtu aliyenibeba," alisema. "Sasa hivi, hapa. Akijua atanipiga risasi, na atakuwa na haki." Akaokota vipande vyake viwili, akavitia mfukoni. "Nitawaonyesha wajukuu. Nitawaambia, babu yenu mwingine naye alikuwapo, tena siku hiyo aliongea sentensi tatu nzima."

Akamkumbatia Kufuli. Juu ya bega lile pana, Kufuli aliyaona macho ya Mzee Tupa. Fundi alikuwa anapangusa msumeno kwa kitambaa, taratibu, meno kwa meno.

"Zimekwisha, afande?" aliuliza.

Swali lilikuwa la mtu mmoja tu.

"Zimekwisha," akasema Kufuli.

Mzee aliinamisha kichwa, akaendelea kupangusa.

Kufuli alirudi akiwa na nia moja: kupitia nyumbani, kutoa jozi ile, kuitupa katika shimo la choo. Amekwisha mwona shemeji yake macho. Kilichobaki ni aibu, na aibu ina dawa. Lakini kwenye lango la kambi walimsimamisha: Brigedia yuko kwenye simu, anataka aongee sasa hivi.

"Uko wapi wewe?" Brigedia alikuwa anapiga kelele. "Shemeji yako amepeleka malori manne ghalani! Manne! Mtu wangu anayaona kwa darubini dakika hii!"

Kufuli alishika ukingo wa meza ya mlinzi.

"Malori, afande?"

"Ya mizigo! Unadhani amekwenda kuchota maji? Unakaa na kombania nzima hapo, fanya kitu!"

Malori manne. Mtu asiye na ufunguo anapeleka malori ya nini? Machozi yale, kumbatio lile, vipande mfukoni. Kumbe yote ni maigizo. Kumbe naye alikuwa na akiba! Haikumpitia akilini kwamba lori linaweza kuwa na kazi nyingine. Kila mtu hupima kwa kibaba chake, na cha Kufuli kilikuwa na jozi tatu za funguo.

Alikwenda nyumbani mbio. Mkewe alikuwa ametoka kwa jirani kutafuta habari. Hakulifungua kopo, alilimwaga. Vifungo vikatapakaa sakafuni, vyeusi, vyeupe, vya shaba vya magwanda yake ya ujana. Akaziokota funguo mbili akatoka, mlango akauacha wazi, yeye ambaye hurudi kuusukuma.

Kapteni wa kombania alikuwa anamsubiri garini, kijana mkakamavu ambaye amri kwake ilikuwa kama chumvi, haulizi ilikotoka.

"Afande, tukifika tutafanya nini? Ghala halifunguki kwa ufunguo mmoja."

"Twende," akasema Kufuli. "Ninazo zote mbili. Tutatoa makombora yetu kabla hawajatoa yao."

Miaka yote aliyapima maneno kama dawa. Hayo yalimtoka bila kipimo, nayo hayakurudi.

Walifika jua likiwa limesimama utosini. Walinzi wa kawaida walikuwa wametoroka tangu jana. Malori manne yalikuwapo kweli, yamekingamishwa barabarani kiunoni mwa kilima, pua kwa mkia, na tairi zake zote zimelala chini kama chapati. Hapakuwa na madereva. Mbele ya mlango wa chuma Tarumbeta alikuwa amekalia debe, buti amevua, anakula biskuti kavu.

"Shemeji!" aliita, uso wote ukafunguka. "Nilijua utakuja kunisaidia lindo. Tairi ishirini na nne nimezitoa upepo kwa kijiti, tazama vidole. Madereva nimewaambia waende makwao. Hata mkiuvunja mlango sasa, mtapitisha wapi gari? Jenerali akiuliza nasema ni watu wa Rais. Rais akiuliza nyinyi semeni ni Jenerali. Jumamosi tutasema ukweli."

Kufuli alisimama. Mfukoni, funguo zilikuwa zimeshika joto la paja lake. Alifungua kinywa.

"Kapteni," alisema, "tunarudi. Hakuna kitu hapa."

"Funguo, afande," akasema Kapteni.

"Nimesema tunarudi."

"Umeniambia mwenyewe unazo zote mbili. Nimekwisha mwambia Brigedia kwa redio. Malori haya tutayasukuma mtaroni, watu ninao sitini." Sauti yake haikuwa na ukali. "Amri ni amri, afande."

Biskuti ilisimama njiani, haikufika mdomoni kwa Tarumbeta.

"Funguo gani?" aliuliza.

Kapteni aliutazama mfuko wa suruali ya Kufuli.

"Shemeji, nakuuliza kwa wema. Funguo gani? Si tulikata? Si nilikuwa nalia pale kama mtoto?" Alitia mkono mfukoni, akatoa vile vipande, akavitazama kana kwamba labda ndivyo vyenye kosa. Kisha akasimama, miguu mitupu, akauegemeza mgongo mlangoni. "Sawa. Basi aje anayekuja."

Kapteni alitoa bastola. Akainyoosha, akailenga kifuani kwa Tarumbeta.

"Kanali, fungua. Sitaki kumwua shemeji yako. Nakuomba nisimwue."

"Usifungue!" Tarumbeta alisema. "Shemeji, nisikilize, mara moja katika maisha yako fungika kweli! Kule chini wako wangapi? Mimi ni mmoja. Mwache huyu kijana afanye kazi yake."

"Nahesabu hadi tatu," akasema Kapteni.

Hapo ndipo Kufuli angeweza. Mtaro ulikuwa hatua tano, umejaa matope, angezirusha. Aliyajua haya, na baadaye aliyajua zaidi. Lakini mbele yake alikuwa amesimama yule aliyepanda kiti siku ya harusi, mdogo wa mkewe, na pajani mwake kovu la risasi moja lilimtosha. Kapteni alisema moja. Kufuli akatoa funguo.

Ilibidi askari wawili wamvute Tarumbeta kando. Hakupigana nao. Vitasa viwili vilizunguka laini kabisa. Mzee Tupa alikuwa fundi hasa.

"Nimefungua," Kufuli alimwambia Kapteni. "Mwache aende."

Kapteni aliona haya, akatazama pembeni, akapunga mkono. Tarumbeta alikaa tena juu ya debe, akavaa buti zake, akafunga kamba moja moja. Nyuma yake askari walikuwa wanapokezana masanduku na kuitana kwa furaha, kama watu wanaohamia nyumba mpya.

"Hayo yanakwenda kuwapiga watu wangu," alisema. "Kwa hiyo narudi kwao, nitapigana. Sikutaka. Kule nina mke na watoto sita, nyumba za maofisa, mstari wa pili. Unazijua. Wewe ndiye uliyenisaidia kupaka rangi."

"Shemeji..."

"Hapana. Jina hilo uliache hapa."

Akaondoka kwa miguu, akichechemea kidogo kama alivyochechemea siku zote, kushuka kilima upande wa Kambi ya Chini. Hakugeuka.

Saa kumi jioni kombora la kwanza lilipita juu ya mji. Kufuli alikuwa anaingia nyumbani. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya chumba, vifungo vimezunguka miguu yake, kopo tupu mkononi. Vioo vya dirisha vililia, vikatulia.

"Kulikuwa na funguo humu," alisema. "Miaka yote kila nikitafuta kifungo zinanigusa vidole. Nikadhani ni za sanduku la marehemu mama yako. Nikasema, siku akitaka kuniambia ataniambia."

Kombora la pili likapita. Mkewe alilisikiliza hadi lilipoangukia.

"Hiyo ni Kambi ya Chini," alisema.

"Ndiyo."

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Amerudi kwao."

"Kwa gari?"

"Kwa miguu."

"Toka ghalani? Mwendo wa saa tatu nzima, na mguu ule." Alifikiri. "Basi atakuwa amefika. Au anafika sasa."

Kufuli alivua kofia. Akapiga magoti sakafuni, akaanza kuokota vifungo, vya shaba kwanza, kisha vyeupe, akivitia kiganjani. Mkewe hakumwambia ainuke, wala hakumpa kopo.

Alikuwa amegeukia dirishani, mgongo kwake, anahesabu kwa sauti ndogo. Kufuli alidhani anahesabu makombora. Alipotega sikio akasikia ni watoto wa mdogo wake, kuanzia yule wa wodini, mmoja baada ya mwingine kwa umri, hadi yule wa mwisho ambaye bado hajaanza kutembea. Na akimfikia huyo, anarudi mwanzo.